Mbuzi Aliyekunywa Maji ya Irindi

Kale! Itikieni basi: Yetu!

Kale! — Yetu!

Kale iliyokula ikashiba? — Yetu!

Kale iliyolala na njaa? — Yetu vilevile!

Haya, sasa mko macho. Tafuneni miwa yenu, lakini atakayenitemea makapi kwenye kanga nitamtoa nje akaongee na kuku. Kisa hiki ni cha bibi yangu, mama aliyemzaa mama yangu, jina lake Naghenjwa. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, mjane mwenye mabinti watatu, na wa mwisho, Naetwe, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Huyo Naetwe ndiye mama yangu. Kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje.

Palikuwa na mlima unaitwa Irindi, na juu ya mlima palikuwa na ndiva. Nyie watoto wa mabomba hamjui ndiva. Ni bwawa walilolijenga wazee kwa udongo na mawe. Maji ya chemchemi yanajikusanya humo taratibu, asubuhi wanalifungulia, maji yanashuka kwa mfereji, yanapita shamba la huyu, yanakwenda shamba la yule. Kila nyumba ina siku yake. Mshika zamu alikuwa mzee Sengondo, naye alikuwa na baragumu la pembe. Akipuliza mara moja, wananywesha watu wa juu. Akipuliza mara mbili, wananywesha watu wa kati. Akipuliza mara tatu, wananywesha watu wa bondeni. Na Naghenjwa alikuwa wa bondeni, shamba la mwisho kabisa, pale mfereji unapokwisha. Mumewe alizikwa kwenye kona ya shamba hilo. Hakuwa na jingine.

Sasa, palikuwa na sheria ya tangu zamani, nayo ilikuwa sheria nzuri: shamba lisilotoa kitu misimu miwili mfululizo hurudi kwa mfumwa, naye humpa asiye na shamba. Waliiweka ili mvivu asikalie ardhi huku mwenzake anahangaika. Mfumwa ndiye mtawala wetu. Wenzetu wengine wangesema zumbe, wengine mtemi. Sheria ile ilikaa vizazi na vizazi bila kumdhuru mtu.

Ndipo akatawala Irango.

Irango alikuwa mfumwa mwenye akili, na akili ya mtu mbaya ni hasara kwa majirani. Aliona kahawa inapendwa huko chini, akataka kupanda kahawa. Kahawa inataka shamba, na mashamba yana wenyewe. Akafanyaje? Siku moja alimnyang'anya mzee Sengondo baragumu, akaweka mbao mdomoni mwa ndiva, na juu ya mbao akatia kufuli la chuma. Maji yakakoma kushuka. Msimu wa kwanza, bondeni pakakauka. Msimu wa pili, bondeni pakakauka. Irango akapita na fimbo yake akisema, "Shamba hili halikutoa kitu. Sheria ni sheria." Anachukua. Anakwenda la pili: "Sheria ni sheria." Anachukua. Mnaona? Sheria ya kumzuia mvivu akaifanya mtego wa kuwanasa wachapakazi.

Mashamba sita yalikuwa yameshakwenda hivyo. Naghenjwa aliponea mwanzoni kwa mvua kidogo, sasa alikuwa katika msimu wake wa pili mkavu. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, lakini majani yameanza kujikunja. Akikosa maji wiki mbili zaidi, basi shamba si lake, na kaburi la mumewe litakuwa ndani ya kahawa ya mtu.

Utaniuliza, kwa nini hawakumwambia mfumwa? Tulia. Kisa chote kimekalia hapa.

Irindi hakuna aliyemtaja mfumwa kwa ubaya. Kamwe! Mdomo unaomsema mfumwa utaota kidonda, ndivyo walivyofundishwa tangu wakinyonya. Mwenye uchungu alikuwa na njia moja tu. Siku ya baraza anakwenda uani kwa mfumwa, anamshika mbuzi wa mfumwa, anaanza kumgombeza mbuzi. "Ewe mbuzi, mbona umekula mahindi yangu? Ewe mbuzi, mbona umenivunjia ua?" Mfumwa amekaa palepale, anasikia. Mfumwa mwenye haya atajirekebisha. Mbuzi atachinjwa, mfumwa atakula pande la kwanza mbele ya aliowakosea, wengine watakula baada yake, na neno limekwisha. Ila palikuwa na sharti: mtu asimjibie mbuzi. Atakayemjibia mbuzi, yeye ndiye mbuzi.

Irango hakuwa na haya. Watu waligombeza mbuzi wake, yeye akachokonoa meno. Waligombeza tena, akapiga miayo. Mbuzi wa Irango waligombezwa mpaka wakakonda, maskini, na maji hayakushuka.

Wazee watatu wakakata shauri la kwenda boma. Mwendo wa siku mbili kwa miguu, kushuka mlima, kuvuka nyika, mpaka kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali. Walisimama mlangoni kutwa nzima. Jibu likatoka: "Malalamiko yote yapitie kwa mfumwa wenu." Wakapewa na barua iliyofungwa, wampelekee Irango wenyewe, kwa mikono yao! Kesi ya ngedere kumpelekea nyani, ndiyo hiyo sasa. Irango alifunguliwa barua, akasomewa, akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake wawili kati ya wale wazee hawakuwa na mashamba.

Watu wakanyamaza. Utasema nini tena?

Lakini yule Bwana akahamishwa, akaja mwingine. Mrefu, mwembamba, shingo nyekundu kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa neno moja: ngoja. Ukimletea chai, "ngoja." Askari wakitaka kumpiga mtu, "ngoja." Watu wakamwita Bwana Ngoja. Huyo alikuwa na tabia ya kuzunguka vijijini, na siku moja alipanda Irindi na mkalimani wake, karani Mwinyikai, mtu wa Pangani, kanzu safi, Kiswahili kama asali. Huyo Mwinyikai alijisifu kwa jambo moja. Alisema, "Mimi sipunguzi wala siongezi. Neno nalipeleka lilivyo." Na kweli, alilipeleka lilivyo.

Meza ikawekwa uani kwa Irango. Watu wapata mia mbili wakakaa chini. Irango kwenye kiti chake, kando ya Bwana, amevaa koti jipya. Bwana akauliza kwa kinywa cha Mwinyikai, "Je, mna neno lolote juu ya mfumwa wenu?"

Mzee wa kwanza akasimama. "Mfumwa wetu ameshiba," akasema, "nasi tunafurahi kwamba ameshiba."

Mzee wa pili akasimama. "Mfumwa wetu ana kahawa nzuri. Hata mashamba yetu yamekwenda kuitazama."

Mzee Sengondo akasimama, mikono mitupu. "Mfumwa wetu ni mwema, amenipumzisha. Sipulizi tena."

Jamani! Mtoto wa Irindi angesikia hayo angetokwa na machozi. Kwetu, anayesema mkubwa ameshiba anakwambia yeye ana njaa. Lakini Mwinyikai alikuwa mtu wa pwani, hakujua mafumbo ya mlimani. Akalipeleka neno lilivyo: wanafurahi, wanasifu kahawa, mzee anashukuru kwa kupumzishwa. Bwana akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akachovya kalamu.

Naghenjwa alikuwa amekaa mbele, Naetwe mgongoni, anaitazama ile kalamu. Akaelewa kabla ya wote. "Huyu mgeni hachungulii ndani ya neno," akajisemea. "Anaandika kwamba tumeridhika. Akimaliza mstari huo, shamba langu limekwenda."

Akasimama. Akaenda nyuma ya ghala, akarudi anamburura mbuzi wa Irango kwa kamba, dume moja lenye ndevu, mbavu nje. Akamfikisha mbele ya meza, akajishika kiuno.

"Ewe mbuzi!" akasema. "Wewe una roho gani? Umekunywa maji ya nyumba ishirini, na bado una kiu! Umekula mashamba manane, sasa unaliramba langu! Mume wangu amelala kwenye kona ile. Unataka umle na yeye?"

Askari wakaangua kicheko. Mwinyikai akajikuna chini ya kofia.

"Anasema nini?" akauliza Bwana.

"Bwana," akasema Mwinyikai, "mama huyu anamshtaki mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi, Bwana. Anasema amekunywa maji ya nyumba ishirini, akala mashamba manane."

Bwana naye mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akasema neno lake. "Ngoja."

Akamtazama mbuzi, mbavu zinahesabika. Halafu akawatazama watu. Na hapa, wajukuu zangu, ndipo ninapomshukuru, maana angeweza kucheka akaondoka, kama wengi walivyofanya kabla yake. Aliona watu mia mbili wamekaa, mwanamke anagombana na mbuzi mbele yao, na hakuna hata mmoja anayecheka. Hata watoto hawakucheka. Akamtazama Irango, akaona Irango ndiye pekee anayetazama kucha zake.

Akalifunga daftari. "Muulize huyo mama," akasema, "mbuzi huyu hunywa wapi?"

Mwinyikai akauliza. Naghenjwa hakumjibu yeye. Alimjibu mbuzi: "Umesikia? Mwoneshe mgeni unakokunywa."

Irango akainuka nusu, akakaa. Angesema nini? Akisema msiende, amemjibia mbuzi. Mila yake mwenyewe ilikuwa imemkaba shingo. Wakaondoka: mbuzi mbele, Naghenjwa kashika kamba, Bwana nyuma yake na miguu yake mirefu, Mwinyikai kapandisha kanzu magotini huku anahema, halafu kijiji kizima. Irango alifuata mwisho. Asingefuata ingekuwa vibaya zaidi.

Walipofika ndiva, ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji yanameta. Mbao mdomoni, kufuli juu ya mbao. Na ubavuni palikuwa na mfereji mpya, udongo wake bado mbichi, unakwenda kwenye kahawa iliyostawi, majani ya kijani yanang'aa. Bwana akautazama ule mfereji. Akatazama chini bondeni, pakavu na pekundu. Akarudi akatazama kahawa.

"Shamba hili la nani?"

Hakuna wa kumtaja.

Naghenjwa akampapasa mbuzi kichwani. "Hongera, mbuzi," akasema kwa upole. "Kahawa yako imependeza. Mistari imenyooka. Wala sijui jembe ulilishikaje kwa kwato hizo. Kweli mbuzi ukijaliwa, hata mtu hakufikii."

Mwinyikai akalipeleka neno lilivyo. Na Bwana, sijui ni Mungu alimfungua masikio, akaelewa. Akasema kwa sauti, taratibu, "Karani, andika. Kahawa hii ni ya mbuzi. Na kwa kuwa mbuzi hawezi kuwa na shamba, kahawa igawiwe watu wa kijiji."

Mwinyikai hajamaliza kutafsiri, Irango akaruka.

"Mbuzi gani!" akapiga kelele. "Kahawa ya mbuzi gani! Ni yangu! Nimeipanda mimi, nimeinywesha mimi, kufuli langu, ufunguo huu hapa!" Akauchomoa mfukoni, akauinua juu watu wote wauone.

Watu wakashika vinywa. Mzee Sengondo akasema taratibu, kama mtu anayetoa pole, "Baba, umemjibia mbuzi."

Irango akabaki na mkono hewani. Misimu yote hiyo alikuwa amewashinda kwa kunyamaza tu, na sasa sifa mbili alizopewa mbuzi zimemtoa pangoni. Majivuno, watoto, ni maradhi mabaya.

Bwana akakasirika, shingo ikazidi wekundu. "Nitamwondoa mtu huyu leo," akasema. "Nitawachagulia mfumwa mwingine mimi mwenyewe."

Watu wengine wakaanza kupiga vigelegele. Naghenjwa hakupiga. Alimkabidhi Sengondo kamba ya mbuzi, alinisimulia mwenyewe, maana sasa ilimbidi aseme na mtu, si na mbuzi. Akasema, "Bwana, tunakushukuru. Lakini tulikuja kuomba maji, hatukuomba kiti. Mkono unaoweza kumng'oa mfumwa mbaya leo, kesho utamng'oa mwema. Huyu ni wetu. Tuachie tumle mbuzi wetu."

Mwinyikai akatafsiri hayo. Bwana akasema, "Ngoja," akakaa juu ya jiwe kufikiri. Wengi walidhani amekasirika. Aliposimama alisema maneno machache. Irango mwenyewe autupe ufunguo ndani ya ndiva. Baragumu lirudi kwa Sengondo. Mashamba yote yaliyochukuliwa kwa ukame wa kufuli yarudi kwa wenyewe, na ya wale wazee wawili vilevile. Na kahawa ya Irango itanyweshwa kama shamba lolote, ila zamu yake itakuwa ya mwisho, baada ya watu wa bondeni.

Mbuzi akachinjwa palepale. Pande la kwanza akapewa Irango, watu wote wanamtazama. Alitafuna, akatafuna, halikushuka. Mwishowe likashuka, akasema kwa sauti ndogo, "Niwieni radhi." Nisiwadanganye kwamba aligeuka malaika. Alitawala miaka tisa mingine, mchoyo vilevile, mwenye kununa vilevile. Lakini maji hakuyagusa tena.

Naghenjwa hakungoja nyama. Alisikia mbao zinang'olewa, akasikia baragumu: moja, mbili, tatu! Akateremka mlima mbio, mtoto anarukaruka mgongoni, akafika shambani kabla ya maji. Akasimama mwisho wa mfereji. Maji yakaja polepole, yanasukuma majani makavu mbele yake, yanapotea kwenye nyufa, yanatokea tena. Yalipomfika miguuni akapiga magoti akalia kwa sauti, akamwita mumewe jina. Nusu ya maharage yalikuwa yameshakufa. Nusu yalikunywa, yakainuka. Na nusu hiyo ilitosha. Shamba lilitoa kitu, shamba likabaki.

Alipovuna, akachagua maharage mazuri kuliko yote, akajaza kikapu. "Unakwenda wapi?" wakamuuliza. "Nakwenda kushukuru." Wakamwambia, "Mama Naetwe, kwani Mzungu anakula maharage?" Akasema, "Hilo ni lake. Asante ni yangu." Siku mbili kwa miguu, kikapu kichwani, mtoto mgongoni.

Alipofika boma, Bwana Ngoja hakuwepo. Amehamishwa, nchi nyingine kabisa. Mezani alikuwepo Bwana mpya, kijana, hakuinua hata macho. "Mwambie malalamiko yote yapitie kwa mfumwa wao."

Mwinyikai akamwambia. Naghenjwa akatua kikapu. "Sina malalamiko, Bwana. Nimeleta asante. Mwenzako alipanda mlima kwa ajili yetu. Kama yeye hayupo, ipokee wewe umpelekee."

Mwinyikai akalipeleka neno lilivyo. Yule kijana akatazama kikapu, akatazama makaratasi yake, akasema kitu kifupi kwa lugha yao, akaendelea kuandika.

Alisema nini? Tulikuja kulijua miaka mingi baadaye, Mwinyikai alipokuja matangani kwa bibi yangu, mzee wa mkongojo, amepanda mlima ule kwa siku nzima. Akatueleza mbele ya waombolezaji wote. Bwana yule alisema hivi: "Hapa hatupokei asante. Mtoe."

Na Mwinyikai, mtu aliyejisifu maisha yake yote kwamba hapunguzi wala haongezi, alimtazama yule mama mdogo mwenye vumbi hadi magotini. Akafunga mdomo, akaufungua, akasema:

"Mama, Bwana anasema imefika."

Naghenjwa alifurahi sana. Alirudi nyumbani anaimba.

Basi, wajukuu zangu, mimi sishukuru kwamba Wazungu walikuja. Hatukuwaita, na kodi yao iliwatoa baba zetu jasho. Lakini nashukuru kwamba mmoja aliona watu wasiocheka akauliza kwa nini. Namshukuru bibi aliyejua kumgombeza mbuzi. Na namshukuru Mwinyikai kwa uongo wake ule mmoja kuliko kwa kweli zake zote. Ukitendewa jema, beba asante yako uipeleke, hata siku mbili kwa miguu. Kama wenye mlango hawana pa kuiweka, aibu ni yao.

Kisa kimeshuka mlimani, kimefika shamba la mwisho. Mwenye jembe afungulie kwake. Aliyesinzia, zamu imempita.

Kale? — Yetu!